Shamba la Muharami Limepakwa Kijani

Jumatatu, 1 Julai

Daftari hili kanipa mwanangu Shamila jana kabla hajapanda gari kurudi shule Masasi. Kaniambia, "Mama, usinisimulie mambo kwa simu ya matroni. Dakika mbili zinaisha wewe bado uko kwenye salamu. Andika, nikirudi nitasoma." Basi naandika. Mimi Sikuzani niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu hauna aibu, mwalimu alikuwa ananipa chaki niwaandikie wenzangu ubaoni. Na Shamila yuko kidato cha tatu, wa kwanza katika Jiografia, kawapita hata wavulana. Hayo hakuyatoa barabarani.

Jumanne, 2 Julai

Ukungu mzito asubuhi. Wapuliza salfa, dawa ya mikorosho, zilisikika tu mashine zao mashambani, wenyewe hawaonekani.

Leo wamebandika ramani ya kijiji kwenye ubao wa ofisi. Kubwa kama khanga iliyotandazwa, ina kijani, manjano na kahawia. Ndiyo ile waliyokuja kuipima vijana wa ardhi mwezi wa nne. Mtendaji wetu, Bi Veridiana, katangaza: mwenye pingamizi aandike ndani ya mwezi huu, mwisho tarehe 31 saa kumi jioni. Baada ya hapo mkutano mkuu unapitisha, na kilichochorwa ndicho kitakachofuatwa kwenye hati.

Watu wameizunguka, wanaitazama kama kuku anavyotazama kioo. Jirani yangu Getrude, tunapakana naye shamba, akasema, "Mama Shamila, si mwanao ndiye bingwa wa Jiografia? Tusomee basi."

Nikasogea mbele. Nikaiona shule kwa kibendera chake, nikaiona barabara ya Mnyambe, mistari miwili sambamba. Nikaenda na kidole taratibu mpaka kwenye shamba letu, shamba la marehemu Muharami, mikorosho sitini. Kijani tupu! Nikawaambia: kijani ni mikorosho hai, shamba lenye nguvu. Manjano ni ardhi iliyochoka, kama majani yaliyokauka. Getrude shamba lake lote manjano. Nikamwambia, "Pole shoga yangu, tia samadi." Watu wakacheka mpaka basi. Yeye hakucheka sana.

Mzee Faruku naye yuko kwenye kijani. Akasema, "Alhamdulillahi. Kama ramani imenikalia vizuri, mimi nakwenda zangu Lisekese kwa binti yangu Shakila nikamwone mjukuu, nirudi mwezi wa nane."

Kuna msalaba mdogo mwekundu karibu na njia panda. Getrude anasema litajengwa kanisa. Abuu, karani wa chama cha msingi, anasema zahanati. Huyo Abuu alikuwa na tangazo lake la mgao wa salfa mkononi, gundi ya uji wa muhogo imemjaa vidole, anataka kulibandika katikati ya ramani. Nikamkemea: "Wee Abuu, utaziba mashamba ya watu! Weka kule chini pembeni, kwenye maandishi madogo madogo. Pale hapana shamba la mtu." Akaweka.

Alhamisi, 4 Julai

Nimefyeka mistari miwili. Nyasi zimenifika kifuani. Miezi minne na siku kumi niliyokaa eda hakuna aliyetia jembe pale, na mvua zilikuwa nyingi.

Jumapili, 7 Julai

Shamila kapiga simu. Nimemweleza ramani yote. Kauliza, "Mama, umesoma ufunguo? Kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza alama na rangi?" Nikamwambia mama yako kasoma ramani nzima mbele ya kijiji kizima, watu wakapiga makofi. Akasema, "Sawa mama, lakini ufunguo..." Laini ikakatika. Watoto wakisoma sana wanaona wazazi hawajui kitu.

(Waliopiga makofi ni wawili. Lakini walipiga.)

Alhamisi, 11 Julai

Shemeji Suleimani, mdogo wake marehemu, kapita hapa. Hakukaa. Kasimama na baiskeli, kauliza, "Shemeji, ile ramani una uhakika nayo? Mbona kijani ya kwako imeungana na ile ya msitu wa bondeni?"

Nikamjibu, "Imeungana kwa sababu kote kumestawi. Kwani wewe unataka nini kwenye shamba la kaka yako?"

Akanitazama kidogo, akapanda baiskeli yake. Mtu huyu tangu kaka yake azikwe ana macho ya kupima. Mwezi wa nne, mimi niko ndani ya eda, alikuja akasimama nje ya dirisha: "Shemeji, wapimaji wamefika, niwaonyeshe mipaka?" Nikamjibu nikiwa ndani, shamba la Muharami halina haja ya kuonyeshwa, linajulikana mpaka Newala mjini. Nilijua nikimruhusu atajiandikia yeye.

Jumatatu, 15 Julai

Upepo siku nzima. Maua ya mikorosho yanapukutika. Nimefyeka mstari mmoja tu, mgongo unauma.

Ijumaa, 19 Julai

Getrude kanipita kisimani hajanisalimia. Kwa ajili ya manjano! Mimi niliipaka?

Jumanne, 23 Julai

Jumamosi ni siku ya wazazi kutembelea shule. Leo nimesimama ubaoni saa nzima nainakili ramani kwa penseli za rangi za Shamila alizoziacha. Bi Veridiana kapita, kasema, "Mama Shamila, wewe ungekuwa mwalimu." Nimeichora na shule, na barabara, na msalaba, na njia za nukta nukta. Nataka walimu wake wajue ule ubongo umetoka wapi.

Jumamosi, 27 Julai

Nimerudi sasa hivi, naandika kabla sijalala.

Nilifika shuleni saa nne na kikapu changu: mihogo ya kuchemsha, ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na kuku mzima. Shamila kanenepa kidogo, Mungu ashukuriwe. Tulikaa kwenye majani pamoja na wazazi wengine. Nikasubiri mwalimu wake wa Jiografia apite karibu ndipo nikaikunjua ramani yangu. Nilitaka ashangae.

Shamila akaitazama. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ufunguo uko wapi?"

"Upi tena?"

"Kila ramani ina kisanduku. Kinasema rangi hii ni nini, alama hii ni nini. Hapa hujauchora."

"Haupo. Pembeni pale kuna tangazo la salfa."

"Chini ya tangazo, je?"

Nikamsogezea muhogo.

"Mama, nani kakwambia kijani ni mashamba?"

"Si inaonekana! Mkorosho ni kijani. Mpumbavu gani atapaka shamba rangi nyingine?"

Mwalimu alikuwa kasimama nyuma yetu, kasikia yote. Kijana mpole, akachuchumaa. Akasema, "Shikamoo mama. Ramani umeinakili vizuri sana. Lakini rangi haina maana yake yenyewe. Kwenye atlasi ya Shamila kijani ni nchi ya chini, tambarare. Kwenye ramani ya mvua kijani ni mahali penye mvua nyingi. Kila mchoraji anachagua, kisha anaandika kwenye ufunguo alichochagua. Asiyeusoma ufunguo ametazama picha tu, hajasoma ramani."

Shamila kaweka kidole kwenye shamba letu, akakisogeza polepole mpaka bondeni kwenye msitu. Rangi ileile huku na huku ya nukta nukta, bila mstari wa mpaka. Akasema, "Mama, mwisho wa pingamizi ni lini?"

"Jumatano."

Macho yake yakajaa machozi, na mimi nikajua. Mwanangu halii ovyo. Hata alipozikwa baba yake alinishika mimi.

Kuku sikumla. Gari la kurudi lilijaza abiria polepole mpaka nikataka kushuka nikasukume.

Jumapili, 28 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ubaoni na kikombe cha maji. Maji yenyewe ya kununua kwa ndoo, na mama mmoja aliyekuwa anapita akasema, "Siku hizi tunanywesha na karatasi?" Nikalowesha tangazo la Abuu, nikalisugua kwa kidole gumba, nikalivua kipande kwa kipande. Gundi ya muhogo ikishakauka ni saruji.

Kisanduku kilikuwepo. Maandishi madogo madogo.

Kahawia: makazi.
Manjano: kilimo.
Kijani: hifadhi ya msitu wa kijiji, hairuhusiwi kulima wala kuvuna.
Nukta nukta: njia ya miguu.
Msalaba mwekundu: makaburi.

Nimeisoma mara tatu, na kila mara ilisema vilevile. Shamba lote la Muharami, mikorosho sitini, ni msitu wa kijiji. Ikipita hivyo kwenye mkutano, korosho za mwaka huu zitaangukia kwenye msitu wa kijiji na mimi nitasimama njiani nazitazama.

Watu walianza kukusanyika, wengine wakitoka kanisani. Wenye manjano wakacheka kwa furaha. Waliokuwa wanangojea zahanati wakanyamaza. Getrude kasoma kwa sauti, "Manjano, kilimo," kisha akanitazama, hakusema neno lingine. Angesema ningepata nafuu.

Nikapandwa na hasira. Nikageuka, nikamwona Suleimani yuko nyuma ya watu. Nikapiga kelele, "Ni huyu! Huyu ndiye aliyewaambia wapimaji kwamba kwa kaka yake ni pori! Mwizi wa mali ya yatima!" Kijiji kizima kinasikia. Yeye akageuza baiskeli akaondoka.

Jumatatu, 29 Julai

Bi Veridiana kanipa fomu ya pingamizi. Kanieleza: wapimaji walipofika walikuta nyasi ndefu, na hakuna mtu aliyesimama kuwaonyesha mpaka. Mahali pasipo na mwonyeshaji na pasipolimwa wameandika pori, na kwa sababu limegusana na msitu wa bondeni, wameunganisha. "Mtu wa kuwapotosha hakuwepo, Mama Shamila. Ndiyo shida yenyewe. Hakuwepo mtu."

Fomu inataka mashahidi wawili: jirani anayepakana na ndugu mmoja wa ukoo wa marehemu, mwenye kuujua mpaka. Jirani ni Getrude. Ndugu wa marehemu aliyebaki hapa ni mmoja tu.

Nilianza kwa Getrude. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea kumenya mpaka akamaliza kikapu kizima, mimi nimesimama.

"Mwenye ardhi iliyochoka," akasema, "saini yake inafaa kweli?"

"Nisamehe, Getrude."

"Sema shamba langu linaitwaje."

"Linaitwa kilimo."

"Sema kwa sauti, Silvesta asikie." Silvesta ni mumewe, alikuwa ndani.

"Kilimo!" nikasema. Silvesta akacheka huko ndani, na Getrude akacheka, akafuta mikono kwa khanga na kusaini. Sijui kwa nini nilimchukulia huyu mwanamke kama mtu wa kushindana naye. Wakati wa eda yangu ndiye aliyekuwa ananiletea kisamvu.

Suleimani nilimkuta shambani kwake kabeba mashine mgongoni, uso wote wa manjano kwa salfa, macho mekundu. Akazima mashine.

"Shemeji, nimekuja na fomu."

"Naiona."

"Inataka mtu wa ukoo."

"Jana ulisema mimi mwizi. Saini ya mwizi utaifanyia nini?"

Nikaanza kueleza habari za wapimaji. Akanikatiza: "Mwezi wa nne nilisimama dirishani kwako nikakuuliza niwaonyeshe mipaka. Ulinijibu nini? Nikaheshimu. Nilikaa nyumbani siku ile nzima na mkono kidevuni, nawasikia wanapita, nikasema mwenye shamba kakataza." Akawasha mashine. Vumbi la salfa likatuzingira, nikaondoka nakohoa, fomu haina saini.

Kwa hiyo hakujiandikia. Alikuwa anasubiri ruhusa yangu.

Na jioni hii nikakumbuka jambo jingine. Mzee Faruku. Yuko Lisekese anambembeleza mjukuu kwa sababu mimi nilimwambia kijani ni heri. Simu yake haipatikani. Nimepiga mara tisa.

Jumanne, 30 Julai

Getrude kaniambia, "Usiende popote. Kaa na Suleimani mpaka alainike. Kesho ni mwisho." Ni kweli. Lakini Faruku hakujisomea ramani, alisoma mdomo wangu. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye bodaboda kwenda Newala, nikapanda gari la Masasi, nikashika bodaboda nyingine kwenda Lisekese. Vijia vya huko vinapishana kama uzi uliochanganyika, tumeuliza nyumba ya Shakila mara nne.

Nilimkuta mzee kakaa kwenye mkeka, mjukuu kalala mapajani.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekosea. Kijani si shamba. Kijani ni msitu wa hifadhi, na shamba lako limo, na langu limo, na mwisho ni kesho saa kumi."

Akamfunika mjukuu vizuri. Kisha akasema, "Lakini ulisoma bila kuvuta pumzi. Nikasema, huyu anajua."

Afadhali angenitukana. Shakila binti yake ndiye aliyesema, "Baba, vaa viatu," akamchukua mtoto. Tumerudi pamoja, mzee kashika fimbo yake kwenye bodaboda kama anakwenda vitani. Mashahidi wake wako palepale mtaani kwao, tukawapitia, na kabla jua halijazama fomu yake imekamilika.

Ya kwangu bado. Nafika nyumbani Getrude ananiambia Suleimani kaja mara mbili. Kakaa barazani mpaka alasiri, kaondoka hajaacha neno. Alikuja kusaini? Alikuja kunisema? Mimi sikuwepo, tena sikuwepo.

Jumatano, 31 Julai

Nilikwenda kwake saa moja. Mkewe kasema katoka alfajiri kwenda kupuliza mikorosho ya mtu upande wa Mnyambe, simu kaiacha kwenye chaji. Nikaenda kwa miguu, hakuna bodaboda hata moja, zote zinabeba salfa. Nikapotea njia mara moja, nikarudi nyuma. Nilimwona saa nane na robo, kapumzika na vibarua wenzake, wanakula ugali.

Nikapiga goti mbele yao wote, nikasema, "Shemeji, nisamehe."

Vibarua wakaacha kutafuna. Yeye akaosha mkono taratibu.

"Inuka, shemeji. Mimi si wa kupigiwa goti na mjane wa kaka yangu. Lakini nisikilize. Ulinichafua ubaoni. Hapa hakuna anayejua habari hiyo. Nisafishe palepale."

"Muda, Suleimani. Saa kumi."

"Basi twende haraka."

Kanipakia kwenye baiskeli yake, mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja, khanga imekamatwa kwa meno. Milima midogo tulishuka tukasukuma. Tulifika ofisini saa tisa na dakika arobaini. Watu walikuwepo, wenye fomu na wasio na fomu, Abuu yupo, Mzee Faruku kakaa kwenye benchi.

Nikasimama mbele ya ramani. Mimi ni mtu wa kusema, kila mtu anajua, lakini maneno haya yalikuwa na miiba.

Nikasema, "Sikilizeni. Jumapili nilimwita Suleimani mwizi. Hakuniibia. Mimi ndiye niliyemkataza asionyeshe mpaka, nilijivunia jina la shamba nikadhani jina litasimama lenyewe. Na mimi ndiye niliyewasomea ramani bila kusoma ufunguo. Na mimi ndiye niliyemwambia Abuu azibe ufunguo kwa tangazo. Abuu hana kosa."

Abuu akasema, "Ahsante, mama, maana walishaanza kunitazama vibaya." Watu wakacheka kidogo, si sana.

Suleimani akaingia ndani, akachukua kalamu. Mkono wake umejaa salfa, saini imeacha vumbi la manjano kwenye karatasi. Bi Veridiana akagonga muhuri. Saa ya ukutani: kumi kasoro dakika saba.

Nimekaa chini ya ukuta wa ofisi nusu saa.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 5 Agosti

Getrude na Silvesta wamekuja na mapanga, tumefyeka mistari sita. Suleimani kapuliza salfa mikorosho yangu yote, kakataa hata chai.

Jumatatu, 12 Agosti

Mpimaji kaja, Bwana Anthony, kijana mwenye kofia na kile kimashine chake. Karudia mashamba yote yenye pingamizi. La Faruku alimaliza asubuhi: mikorosho mizee, mipaka ya miti ya minyaa inaonekana, limerudi kwenye kilimo. Mzee kanipungia fimbo kwa mbali.

Kwetu tulianza juu, kwenye mpaka na Getrude. Suleimani mbele, Anthony nyuma, mimi nahesabu. Kila kona Suleimani anasimama, anagusa mnyaa, anasema, "Hapa." Kimashine kinalia. Mikorosho kumi, ishirini, arobaini. Roho yangu ikaanza kutulia.

Tukafika upande wa bondeni, kwenye kijia. Imebaki mikorosho saba ng'ambo ya kijia, ile aliyoipanda Muharami mwaka tuliompata Shamila. Inazaa kuliko yote. Suleimani akasimama huku juu ya kijia, hakuvuka.

"Mpaka ni hapa," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. "Shemeji, na ile saba?"

"Mpaka wa baba yetu ni njia hii. Kaka alivuka. Nilimwambia siku ile ile anachimba mashimo, akasema msitu hautapungukiwa."

Anthony akafungua ramani yake, akaonyesha nukta nukta. Njia ya miguu. Msitu wenyewe unaanzia ng'ambo yake.

Nikamvuta Suleimani pembeni. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Sema neno moja tu. Wewe ndiye shahidi. Nani atajua?"

"Wazee wote wanajua njia hii. Nikisema uongo kwa saba, kesho mtu atasimama mkutanoni aseme nimedanganya, na hiyo hamsini na mitatu iende pamoja nayo. Unataka?"

Nilitaka kumpiga. Nimeyaandika na hayo ili Shamila asije akasema mama yake alikuwa malaika. Nilisimama pale natazama mikorosho saba imejaa maua na naona mikono ya Muharami. Kisha nikamwambia Anthony, "Andika alivyosema shahidi."

Kimashine kikalia. Suleimani akavua kofia.

Kumbe si macho ya kupima aliyokuwa nayo. Ni macho ya mtu anayejua mipaka, nami sikuwa nimezoea.

Ijumaa, 23 Agosti

Korosho za kwanza zimeonekana, changa, kijani kibichi. Mkutano mkuu ni tarehe 7. Mkutano unaweza kuyakubali marekebisho au kuyakataa. Kuna watu wanasema msitu umepunguzwa kwa upendeleo. Sipati usingizi mzuri.

Jumamosi, 31 Agosti

Shamila yuko nyumbani! Wa kwanza tena Jiografia, na Baiolojia wa tatu. Kasoma daftari hili lote amekaa kwenye kinu. Alipofika kwenye tarehe 12 alikuja akaniwekea kichwa begani. Kisha kasema, "Mama, kuku yule wa Masasi sisi tulimla na marafiki zangu. Alikuwa mtamu." Mtoto ana adabu lakini ana ulimi wangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mkutano ulijaa uwanja wa ofisi mpaka barabarani. Jua kali, wanawake tumejifunika khanga vichwani. Ramani mpya imetundikwa kwenye kamba, upepo unaipeperusha.

Alisimama mtu wa mtaa wa juu, akasema kwanza iliandikwa msitu, leo inaitwa kilimo, sasa mjue nani ana jamaa wapi. Kelele zikaanza. Bwana Anthony akataka kueleza, hawakumsikiliza, mgeni. Bi Veridiana akanyanyua mkono: "Kabla ya kupiga kura isomwe yote, tangu ufunguo. Kila mtu ajue anachokubali. Nani asome?"

"Shamila!" wakapiga kelele. "Bingwa wa Jiografia!"

Mimi nilishajinyoosha kumsukuma mbele, kifua kimejaa. Yeye akasema, "Mimi nitashika ncha, upepo usiipindue. Mama atasoma." Akaenda akashika ncha ya ramani, akaningoja.

Kuna mtu akaguna, "Yule yule wa manjano?" Getrude akamjibu, "Ndiyo yule yule, wewe ulisoma lini?"

Nikaenda. Nikaanzia chini, kwenye maandishi madogo madogo. Kahawia, makazi. Manjano, kilimo. Nikaonyesha kwa kidole kila shamba lenye manjano na jina la mwenyewe: Getrude, Suleimani, Faruku, shamba la Muharami mpaka kwenye njia ya nukta nukta. Nikawaambia njia hiyo ndiyo mpaka, haijahamishwa hata hatua moja.

Kisha ikabaki kijani. Nikaona pale ng'ambo ya nukta ilipo mikorosho saba. Haikuchorwa, ramani haichori mti wa mtu. Ni rangi tu. Nikaweka kidole juu yake.

"Kijani," nikasema, "hifadhi ya msitu wa kijiji."

Yule mtu wa mtaa wa juu akauliza kutoka nyuma, "Na ile mikorosho ya mumeo iliyo ng'ambo? Ile nayo ni ya msitu, au ya kwako ina rangi yake?"

Suleimani alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, anatazama chini. Shamila alikuwa ameshika ncha ya ramani kwa vidole vyote.

"Iko kwenye kijani," nikamjibu.

"Hatusikii huku!"

Nikavuta pumzi mpaka tumboni. Nikaisema kwa ile sauti yangu ambayo watu wanaijua tangu utoto: "Mikorosho saba ya Muharami iko kwenye kijani. Ni msitu wa kijiji. Sitavuna mimi, wala mwanangu, wala wewe."

Mtu yule akakaa. Mwenyekiti akauliza wanaokubali ramani. Nikanyoosha mkono wangu mapema kuliko wote, nikauacha juu mpaka Bi Veridiana alipomaliza kuhesabu.